Poda ipi ya kuzimia moto ikufae: ulinganisho wa BC, ABC, potasiamu na kemikali ya majimaji

Mtu anapoingia dukani kununua mtungi wa kuzimia moto, mara nyingi huulizwa swali moja tu, nalo ni kilo ngapi. Swali hilo lina umuhimu wake, lakini halistahili kutangulia. Mitungi miwili yenye rangi ileile, uzito uleule na bei zinazokaribiana inaweza kuwa imebeba poda zilizo mbali kabisa kikemia, moja ikiwa ya upande wa alkali na nyingine ya upande wa asidi, moja ikifaa kwa petroli peke yake na nyingine ikifaa pia kwa mbao na magodoro. Ulinganisho huu umekusudiwa kwa mwenye duka, mwenye mgahawa, fundi wa gereji na mwenye nyumba, na hoja yake ni hii: poda zote hukata mwali kwa kasi, lakini hakuna inayokipoza vya kutosha kile kilichokuwa kikiungua. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza poda ipi ina nguvu zaidi, inafaa kuuliza ni kitu gani kitakachobaki na joto baada ya mwali kutoweka, kwa kuwa hicho ndicho kitakachoamua kama moto umezimika au umenyamaza kwa muda tu.

Kinachotokea ndani ya mwali

Shuleni tulifundishwa kwamba moto unahitaji vitu vitatu, yaani kitu cha kuungua, oksijeni na joto, na kwamba ukiondoa kimoja umeuzima. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi kueleza kwa nini kilo chache za poda huweza kuzima mwali wa petroli ndani ya sekunde chache, ilhali kiasi hicho hakiwezi kuifukuza oksijeni yote wala kulipoza dimbwi zima la mafuta. Kuna jambo la nne, ambalo ni mfululizo wa mmenyuko wenyewe. Mvuke wa petroli haugeuki kuwa kaboni dioksidi na maji kwa hatua moja. Hupitia hatua nyingi zinazobebwa na vipande vya molekuli vinavyodumu kwa muda mfupi mno, hasa atomi za haidrojeni, atomi za oksijeni na haidroksili, ambavyo wanakemia huviita radikali huru. Kipande kimoja kikigongana na molekuli nyingine huzaa vingine, na kuzaana huko ndiko kunakoufanya mwali ujiendeleze wenyewe.

Chembe ya poda ikiingia humo hupashwa joto na kuvunjika. Sodiamu bikaboneti hugeuka kuwa sodiamu kaboneti, mvuke wa maji na kaboni dioksidi, na mgeuko huo hunyonya joto la mwali. Juu ya hapo huja kazi ya kikemia: sodiamu au potasiamu iliyofunguka hushikana na haidroksili, kiungo kinachopatikana hukutana na atomi ya haidrojeni, maji hutokea, na metali hubaki huru kuirudia kazi hiyohiyo. Wataalamu wamejadiliana kwa miaka mingi ni sehemu gani ya ushindi itokane na kunyonya joto na ipi itokane na kuwanyang'anya radikali nafasi ya kuzaana, lakini kwa mnunuzi matokeo ni mamoja. Mwali hukatika huku mafuta, oksijeni na chuma cha moto vikiwa bado vipo palepale.

Ukubwa wa chembe una uzito unaokaribia ule wa aina ya kemikali. Chembe ndogo sana huyeyuka na kuvunjika upesi, lakini hazina uzito wa kurushwa mbali na hupeperushwa na hewa inayopanda juu ya moto. Chembe kubwa hufika, ila hupita kwenye mwali kabla hazijamaliza kuvunjika. Ndiyo maana poda za viwandani huwa mchanganyiko wa chembe kuanzia chini ya mikroni 10 hadi 75 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zile zinazofanya kazi vizuri zaidi huwa na wastani wa mikroni 20 hadi 25. Huongezwa pia viungio ambavyo havizimi moto kabisa, kama vile silikoni na chumvi za asidi ya steariki, ambavyo kazi yake ni kuzuia unyevu na kuifanya poda itiririke kama kimiminika. Poda yenye kemikali bora lakini viungio hafifu huganda kuwa bonge ndani ya mtungi, na kwa mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, hilo si jambo la kudharau.

Poda za BC: sodiamu dhidi ya potasiamu

Sodiamu bikaboneti ndiyo ya zamani zaidi kati ya zinazouzwa leo, na ndiyo rahisi zaidi. Ni kemikali ileile ya kuumulia maandazi, ikiwa imesagwa kwa kipimo na kuongezewa viungio vilivyotajwa. Inafaa kwa moto wa vimiminika, ambao ni daraja B, na wa gesi, ambao kwa utaratibu wa Ulaya ni daraja C. Haifai kwa mbao, karatasi, nguo wala makuti, yaani vitu vya daraja A, kwa sababu mwali ukishakatika, kaa lililo ndani huendelea kufukuta na baada ya dakika chache moto huibuka upya. Niongeze hapa onyo kwa wanaopika nyumbani: kiganja cha bikaboneti kinaweza kuusaidia mwali mdogo wa kikaangio, lakini unga wa ngano, sembe au sukari havifanani nacho kwa lolote ila rangi. Vikirushwa juu ya moto huwaka hewani kwa mlipuko.

Potasiamu bikaboneti ilifanyiwa kazi na maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, ikajulikana kwa jina la Purple-K kutokana na rangi ya zambarau ambayo potasiamu huutia mwali. Kwa uzito uleule, nguvu yake juu ya mwali wa mafuta ni karibu mara mbili ya sodiamu. Baadaye kampuni ya Kiingereza ya ICI ilitoa Monnex, iliyotengenezwa kwa kuichanganya potasiamu bikaboneti na urea. Chembe zake hupasuka zenyewe zikiguswa na mwali na kuwa ndogo zaidi, kwa hiyo hurushwa zikiwa nzito na kufanya kazi zikiwa nyepesi. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, na bei yake inaufuata.

Je, gereji ya kawaida inahitaji poda ya potasiamu? Kwa maoni yangu, hapana. Faida yake huonekana pale ambapo mafuta ni mengi na muda ni mfupi, yaani kwenye maghala ya mafuta, viwanja vya ndege, mitambo ya gesi na meli. Mahali kama hapo huwa pia na povu la kuzimia moto, na mnunuzi anapaswa kuhakikisha kwamba poda na povu vinapatana, kwa kuwa baadhi ya poda zilizopakwa chumvi za steariki huliharibu povu. Gereji yenye magari, matambara yaliyolowa oili, viti vya sponji na matairi ina moto wa aina mbili kwa pamoja, na poda yoyote ya BC, iwe ya sodiamu au ya potasiamu, itaushughulikia mmoja tu.

ABC: ukoko unaobaki juu ya kaa

Hapo ndipo ABC inapojitenga na nyingine. Kiini chake ni amoniamu fosfeti, na mwenendo wake kwenye moto ni tofauti. Ikipata joto la nyuzi 190 hivi za Selsiasi huyeyuka, huachia amonia, kisha hubaki na asidi ya fosfori inayozidi kukauka hadi kuwa utando mzito kama kioo. Utando huo hushika juu ya ubao, karatasi au kitambaa, huziba vinyweleo vyake na kulinyima kaa hewa. Kwa maneno mengine, ABC huukata mwali kama wenzake, halafu hukifunika kile kilichobaki na joto, jambo ambalo bikaboneti hazifanyi.

Fosfeti ina sifa nyingine inayostahili kutajwa, kwani inaonyesha kwamba kemikali hii haikufika kwenye mitungi kwa bahati. Ikiwa ndani ya ubao au nyuzi za mmea wakati joto linapoingia, huulazimisha ubao ule kugeuka kuwa mkaa na maji badala ya kutoa mvuke unaowaka. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alieleza jinsi chumvi za amoniamu, zikiwemo fosfeti, pamoja na boraksi zinavyoweza kuvikinga vitambaa vya majumba ya maonyesho dhidi ya moto. Ni jamii hiyohiyo ya chumvi ambayo ndege humwaga juu ya misitu inayowaka huko Marekani, ikiwa imetiwa rangi nyekundu. Wenye hoteli za pwani wanaofikiria kuyanyunyizia makuti dawa ya kuchelewesha moto wajue kwamba chumvi za aina hii huyeyuka katika maji, hivyo mvua huziosha na kazi hurudiwa kila baada ya muda. Mtungi wa ABC uliotundikwa ukutani hauchukui nafasi ya kinga hiyo, na kinga hiyo haichukui nafasi ya mtungi.

Udhaifu wa ABC uko mahali mbili. Kwanza, si kila poda yenye jina hilo ina kiasi kimoja cha fosfeti. Madukani hupatikana poda zenye asilimia 40, nyingine zaidi ya 90, na sehemu iliyobaki mara nyingi huwa amoniamu salfeti na vijazio. Hapa ndipo bei ya chini hupata maelezo yake, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuuliza kwa uwazi, kwa kuwa utando wa kioo hutokana na fosfeti. Pili, mabaki yake hunyonya unyevu na kuwa na tabia ya asidi, yakala alumini, shaba na saketi za umeme. Mafundi wa ndege huiepuka kwa sababu hiyo, na mwenye chumba cha kompyuta au studio ya redio anapaswa kuiepuka vilevile. Poda ikiwa kavu haipitishi umeme, hivyo mtumiaji hana hatari kubwa anapoinyunyiza kwenye kifaa kinachowaka, lakini kifaa chenyewe kinaweza kufa siku chache baada ya moto kuzimwa. Kwa vyumba kama hivyo mtungi wa kaboni dioksidi, ambao hauachi masalio, ni chaguo bora zaidi, mradi ikumbukwe kwamba nao hauwezi kulituliza kaa linalofukuta na kwamba katika chumba kidogo kilichofungwa gesi hiyo humkosesha mtu pumzi.

Karai la chipsi

Kwa wenye migahawa na mabanda ya chipsi, nataka kuwa wazi kuliko kwingine kokote, kwa sababu hapa ndipo mtungi wa ABC hununuliwa kwa nia njema na kushindwa kazi. Mafuta ya kupikia ya mimea huanza kuwaka yenyewe, bila kiberiti wala cheche, yakifika takriban nyuzi 360 au zaidi. Poda ikirushwa juu yake mwali hukatika mara moja, watu hushusha pumzi, kisha mafuta yaliyo bado juu ya joto hilo huwaka tena, safari hii mtungi ukiwa mtupu. Mtungi wa kilo 6 huisha ndani ya nusu dakika, na haujirudishi.

Bikaboneti, zikiwa za alkali, huwa na faida ndogo hapa: humenyuka na mafuta ya moto na kutengeneza sabuni, ambayo hutoka povu na kuufunika uso wa mafuta. ABC ni ya asidi na haifanyi hivyo, na ikishatumika huliharibu povu la sabuni ambalo kemikali nyingine ingelitengeneza baadaye. Kwa miongo kadhaa mifumo ya poda iliaminiwa majikoni huko Marekani, hadi mafuta ya mimea yalipochukua nafasi ya mafuta ya wanyama na vikaangio vipya vyenye kuta zinazohifadhi joto vilipoingia. Povu lilikuwa linavunjika kabla mafuta hayajapoa. Tarehe 21 Novemba 1994 jaribio jipya la UL 300, la kupima mifumo ya kuzimia moto majikoni, lilianza kutumika huko, na poda zikashindwa kulitimiza.

Kilichofaulu ni kemikali ya majimaji, yaani maji yaliyoyeyushiwa potasiamu asetati, sitrati au kaboneti, au mchanganyiko wake. Hutoka kama ukungu laini usioyafanya mafuta yaruke, hutengeneza sabuni, na maji yaliyomo hupunguza joto hadi chini ya kiwango cha kuwaka. Lebo yake huwa na herufi F kwa utaratibu wa Ulaya na K kwa utaratibu wa Marekani. Ni ghali na haipatikani kila duka. Asiyeweza kuimudu atapata msaada mkubwa zaidi kwa kuzima jiko, kufunika karai kwa mfuniko wa chuma au blanketi la moto, na kuliacha likiwa limefunikwa hadi lipoe kabisa, kuliko kwa kutegemea ABC pekee. Maji ya bomba yasimwagwe hapo kwa hali yoyote.

Gesi, betri na metali

Moto wa mtungi wa gesi ya kupikia huzimwa kwa urahisi na poda yoyote, na urahisi huo ndio hatari yake. Ukizima mwali huku gesi ikiendelea kuvuja, itajikusanya chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na cheche itakayofuata italipua chumba kizima badala ya kuwasha mdomo wa mtungi. Kanuni ni kufunga valvu kwanza. Poda itumike kuondoa mwali unaokuzuia kuifikia valvu hiyo, au kuzima vitu vya jirani vilivyoshika moto. Ikiwa valvu haifikiki, watu waondolewe na Zimamoto waitwe, ambao kwa Tanzania hupatikana kwa namba 114.

Betri za lithiamu za pikipiki za umeme, simu na mifumo ya jua ni mfano ulio wazi zaidi wa hoja iliyotangulia kuhusu joto linalobaki. Joto huzalishwa ndani ya seli yenyewe na huambukizwa seli ya jirani. Poda hukata ndimi za nje, seli zikaendelea kuchemka na kuwaka upya. Kinachosaidia ni maji mengi kwa muda mrefu, na kwa betri kubwa hiyo ni kazi ya wazimamoto.

Metali zinazowaka, kama magnesiamu na vumbi la alumini kwenye karakana, zina poda zake za daraja D, kama vile chumvi ya sodiamu kloridi iliyoongezewa plastiki ili igande kuwa ukoko, unga wa grafiti, au unga wa shaba kwa ajili ya lithiamu ghafi. Hizi humwagwa taratibu kama mtu anayefukia, hazirushwi kwa nguvu. ABC isiguse moto huo.

Kusoma lebo na kujaza upya

Herufi ABC hazina maana moja duniani kote. Kwa mtungi uliotengenezwa kwa utaratibu wa Ulaya, C ni gesi. Kwa mtungi wa Marekani, C ni kifaa chenye umeme. Tarakimu zilizo mbele ya herufi zina manufaa zaidi ya uzito katika kulinganisha. Kwenye kiwango cha Ulaya cha EN 3, 21A humaanisha kwamba mtungi ulizima rundo la mbao lenye urefu wa mita 2.1 katika jaribio, na 113B kwamba ulizima sinia lenye lita 113 za kimiminika, theluthi moja ikiwa maji na iliyosalia mafuta. Mitungi miwili ya kilo 6 ikiwa na tarakimu tofauti, yenye tarakimu kubwa ina poda bora au mfumo bora wa kuirusha, na ndiyo ya kuchukua hata kama bei imezidi kidogo. Mtungi usio na tarakimu zozote mimi nisingeununua.

Kwa duka la nguo, stoo, ofisi yenye makabati ya karatasi, gari au gereji, chaguo langu ni ABC yenye fosfeti nyingi. Kuhusu kuiweka ndani ya majengo, ni vema kujua kwamba kiwango cha Uingereza cha BS 5306-8 hakipendekezi poda ndani ya majengo isipokuwa tathmini ya hatari imeonyesha sababu, kwa kuwa wingu lake huziba macho na pumzi papo hapo mtu anapotafuta mlango. Nalikubali onyo hilo, ila katika nyumba na maduka mengi ya kwetu mtungi wa poda ndio pekee uliopo, na ni heri kuwa nao, mtu akisimama upande wa mlango na kuwa na njia ya kutokea nyuma yake.

Jambo la mwisho linahusu anayejaza upya mtungi wake. Poda ya BC na poda ya ABC hazichanganywi kamwe, hata kwa kiasi kidogo kilichobaki kwenye mtungi au kwenye mashine ya kujazia. Alkali na asidi zikikutana na unyevu kidogo humenyuka, hutoa kaboni dioksidi na maji zaidi, poda ikawa bonge na shinikizo likapanda ndani ya chuma kilichofungwa. Mtungi wa namna hiyo unaweza kukosa kutoa kitu siku ya moto, au kupasuka ukiwa umetundikwa. Mwulize fundi alikuwa akijaza poda gani kabla ya ya kwako, mtake amwage poda yote iliyobaki mtungini na kuukausha mtungi, na usiondoke kabla hujaona jina la poda mpya, asilimia yake na tarehe vikiandikwa kwenye lebo.